Nyotamkia za kwenye gemu na zile za angani: maswali yenu

Safari hii nimekusanya maswali ya wacheza gemu. Wengi wenu mnajenga himaya za angani kwenye kompyuta, na humo mmekutana na nyotamkia kabla hamjaona ya kweli. Nafurahi sana mtu anapoinua macho kutoka kwenye skrini na kuuliza.

Kwenye gemu yangu nyotamkia hupita huku mkia ukiburuzika nyuma, kama vumbi la bodaboda kwenye barabara ya udongo. Ndivyo ilivyo? (Msomaji, Dodoma)

Sivyo, na hili ndilo kosa linaloniuma kuliko yote, maana linamnyima mchezaji jambo zuri kabisa. Mkia haujali nyotamkia inatoka wapi wala inakwenda wapi. Mkia hulikimbia jua. Fikiria jahazi linalosafiri upepo ukiwa tezini: bendera yake hupepea kuelekea omo. Nyotamkia nayo, ikishalizunguka jua na kushika njia ya kurudi, mkia wake hutangulia mbele.

Tena mara nyingi mikia ni miwili. Ule wa gesi, wenye rangi ya buluu, husukumwa na upepo wa jua, yaani chembe ndogo zinazomiminika kutoka juani, na kunyooka kama uzi. Ule wa vumbi husukumwa na mwanga wenyewe, huchelewa kidogo, ukapinda kama jambia. Mwaka 1996 chombo cha Ulysses kilikatiza mkia wa nyotamkia ya Hyakutake kikiwa zaidi ya kilomita milioni 500 kutoka kwenye kiini chake, na kiini chenyewe kina upana wa kilomita chache tu.

Ikiwa mbali na jua, nyotamkia haina mkia. Ni donge la barafu na vumbi, jeusi kama mkaa. Inapokaribia jua, barafu hugeuka mvuke moja kwa moja bila kuwa maji kwanza, na mvuke huo huondoka na vumbi. Mkia unaouona ni mwili wa nyotamkia ukipungua.

Katika Master of Orion, ile ya 1993, nyotamkia huja kulipiga koloni na unatuma manowari kuilipua. Inawezekana kweli? (Msomaji, Nakuru)

Hatari ni ya kweli. Julai 1994 vipande vya nyotamkia ya Shoemaker-Levy 9, zaidi ya 20, viliigonga sayari ya Mshtarii kimoja baada ya kingine kwa mwendo wa karibu kilomita 60 kwa sekunde. Baadhi ya madoa yaliyobaki mawinguni yalikuwa mapana kama Dunia nzima.

Kulipua, hapana. Ukiivunja nyotamkia dakika za mwisho, vipande vyake bado vinakuja njia ileile. Lenye maana ni kuisukuma kidogo mapema sana, ili ikose shabaha kwa muda uliobaki. Mwaka 2022 chombo cha DART kiliigonga Dimorphos, ambayo ni asteroidi (jiwe la angani), na kupunguza muda wake wa kuizunguka asteroidi mwenzake mkubwa kwa takribani nusu saa. Ila asteroidi hiyo ilikuwa ikijulikana kwa miaka. Nyotamkia za mbali huchomoza na taarifa fupi: Tsuchinshan-ATLAS iligunduliwa mapema 2023, na Septemba 2024 ilikuwa tayari inalizunguka jua.

Shikamoo mwalimu. Europa Universalis IV si gemu ya angani, lakini nyotamkia ikionekana utulivu wa dola hushuka kwa nukta moja. Kwa nini? (Mwanafunzi, Mombasa)

Marahaba, mwanangu. Umeuliza swali nililokuwa nalingoja.

Gemu hiyo haisemi kwamba nyota ina nguvu. Inasema watu waliogopa, na hapo iko sahihi. Hata mwaka 1910, wanasayansi walipotaja gesi ya sumu kwenye mkia wa nyotamkia ya Halley, kuna watu Ulaya na Marekani walioziba matundu ya milango na kununua vidonge vya kujikinga. Hakuna aliyedhurika na mkia ule.

Kasoro ninayoiona iko kwingine. Gemu huileta nyotamkia kwa bahati nasibu, kama kete. Kipindi chake ni 1444 hadi 1821. Ndani ya miaka hiyo nyotamkia ya Halley ilipita mara tano: 1456, 1531, 1607, 1682 na 1759. Ilikuwa ileile kila mara! Mwaka 1705 mwanafalaki Mwingereza Edmond Halley alilinganisha hesabu za 1531, 1607 na 1682, akasema ni moja, na itarudi mwaka 1758. Alifariki 1742. Ikaonekana Desemba 1758, ikalikaribia jua mwaka uliofuata. Laiti gemu ingemruhusu mchezaji aliyewekeza kwenye elimu kuitabiri, na dola yake isitikisike, tungekuwa na somo la falaki ambalo mtoto hasahau.

Katika gemu ya Aurora nachimba madini kwenye nyotamkia. Kutua ni rahisi hivyo? (Msomaji, Kampala)

Aurora inastahili sifa: nyotamkia zake huenda na kurudi kwenye njia ndefu, hivyo unalazimika kupanga muda. Kutua ndiko kugumu. Rosetta, chombo cha Shirika la Anga la Ulaya, iliondoka 2004, ikapita kando ya Dunia mara tatu na Mirihi mara moja ili kuongeza mwendo, ikaifikia nyotamkia ya 67P/Churyumov-Gerasimenko Agosti 2014. Miaka 10 njiani.

Novemba mwaka huo ilimwachia Philae, kifaa cha kilo 100 ambacho kule hakizidi uzito wa kipande cha karatasi hapa kwetu. Vyusa vya kukishikiza havikufyatuka. Kikadunda, kikaelea karibu saa mbili, kikadunda tena, kikaishia kwenye kivuli cha jabali ambako jua halikutosha kuchaji betri. Kilifanya kazi kama siku mbili na nusu, kikanyamaza. Kwa hiyo kabla ya kupeleka mashine ya kuchimba, peleka kwanza namna ya kuishikilia.

Kimondo cha Mbozi ni nyotamkia iliyoanguka? (Msomaji, Tunduma)

Hapana. Kile ni chuma, na nyotamkia ni barafu na vumbi. Lakini vimondo vidogo vinavyochanika angani mapema mwezi Mei ni vumbi lililoachwa na Halley. Halley yenyewe itarudi 2061. Vumbi lake huja kila mwaka: toka nje tarehe 5 au 6 Mei, kuanzia saa tisa usiku, mbali na taa za mji, utazame mashariki hadi alfajiri.