Jibu kwa ndugu wa Mbale: deni la marehemu na neema ya Mungu

Ndugu yangu, nimeusoma uzi wako usiku, nikausoma tena alfajiri kabla sijafungua duka. Kwa wanaoingia sasa: ndugu huyu anasema kaka yake akiwa mgonjwa alimkabidhi pesa za matibabu, naye akazitia kwenye kubeti zikaliwa zote, kisha akamwambia mgonjwa kwamba ameibiwa garini. Wiki tatu baadaye kaka akafariki. Sasa ni mwaka wa nne tangu ndugu aokoke, ametubu mpaka amechoka, usingizi hana. Anauliza kama dhambi yake ndiyo ile isiyosameheka, afunge siku ngapi ili moyo utulie, na kama ni lazima amwambie shemeji yake aliyeko Tororo na watoto.

La kwanza nalijibu kwa ufupi maana halina utata. Soma Marko 3 taratibu. Walioonywa pale ni waandishi waliotoka Yerusalemu, waliomwona Yesu akiwafungua watu kwa macho yao, wakasema anatumia nguvu za Beelzebuli. Waliiona kazi ya Roho wakaiita ya shetani. Wewe unalia usiku ukiitamani rehema ileile waliyoitemea mate. Na kabla ya onyo hilo Yesu anasema wanadamu watasamehewa dhambi zao zote. Watu wengi huliruka neno hilo wakakimbilia lile la kutisha.

Hayo mawili mengine nitayajibu kwa yaliyonipata mimi.

Mimi ni wa Busia, upande wetu wa Uganda. Wakati huo nilikuwa nikinunua mukene, wale dagaa wadogo wa ziwani, kule Majanji na kuwauza mjini. Jirani yangu alikuwa mama mjane aliyekaanga mandazi karibu na kituo cha boda boda, wakati ule bado wengi wao walikuwa wa baiskeli. Nyumba yake haikuwa na mlango wa maana, kwa hiyo kila jioni aliniletea akiba ya ada ya binti yake nimtunzie. Aliniita mwanangu. Kufikia mwezi wa nne, mwaka wa 2009, amana ile ilikuwa shilingi 260,000, ada ya mihula miwili.

Nikaona mukene wameshuka bei, nikajiambia nitaizungusha pesa wiki moja tu, nitairudisha na faida itakuwa yangu. Nikanunua magunia. Wanaojua biashara hii wanajua mukene huanikwa chini juani, na wakinyeshewa siku mbili tatu wananuka, hawafai tena kuliwa na mtu. Masika ile ilipiga siku nne mfululizo. Niliuza mzigo wote kama chakula cha kuku, na nilichopata hakikutosha hata nauli na vibarua.

Mama nilimwambia nimevamiwa njiani nikitoka Majanji. Ndugu yangu, hakufoka. Alinishika mkono akasema, "Mwanangu, pesa hutafutwa, uhai hautafutwi." Jioni akaniletea chai na mandazi ya moto, anipe pole. Nimeshatukanwa mara nyingi katika maisha haya, lakini hakuna tusi lililowahi kunichoma kama mandazi yale.

Binti alikaa nyumbani muhula ule na uliofuata. Mwaka uliofuata akaenda Jinja kufanya kazi za ndani, hakurudi darasani tena. Mama alifariki 2013. Kwenye matanga nilichanga kuliko majirani wengi, na kwa kuwa waliniamini kwa pesa, mimi ndiye niliyepewa daftari la rambirambi. Watu wa ukoo walinishukuru mbele ya kaburi.

Baada ya hapo nilifanya kila unachokifanya wewe. Nilifunga. Nilikesha Ijumaa kwa Ijumaa. Nilitoa sadaka mpaka mke wangu akaanza kuuliza maswali. Mhubiri mmoja aliniambia kifungo cha namna yangu hukatwa kwa mbegu, yaani sadaka ya pesa, akataja kiasi, nikauza vitu vya ndani nikapanda hiyo mbegu. Nilipata amani ya siku tatu. Siku ya nne nilipita pale mama alipokuwa akikaangia mandazi, yote yakarudi. Kwa hiyo swali lako la kufunga siku ngapi nimeshalijaribu kwa mwili wangu. Kufunga ni kwema na mpaka leo nafunga. Lakini ukifunga ili Mungu aone umeumia vya kutosha, hapo unataka kumlipa, na atakayekuambia kiasi kinachotosha hayupo.

Aliyenisaidia ni mzee mmoja fundi cherehani, Mlokole wa zamani. Wadogo mnaweza msijue walikuwa watu gani, maana leo kila mtu anaitwa mlokole. Walokole walikuwa watu wa uamsho wa kiroho ulioanzia mbali: mwaka 1929, Simeoni Nsibambi alikutana na daktari Mwingereza Joe Church kule Kampala, pale Namirembe. Wote wawili walikuwa wakristo waliochoka na dini yao wenyewe, wakakaa wakisoma Biblia na kuomba pamoja. Moto ukawaka Gahini kule Rwanda, ukaja kwetu, ukavuka mpaka Kenya na Tanganyika. Alama yao ilikuwa kutembea nuruni, yaani dhambi inatajwa kwa jina lake mbele ya ndugu, na kilichoibwa kinarudishwa. Festo Kivengere, aliyekuja kuwa askofu wa Kigezi, alipookoka alipanda baiskeli akaenda mwendo mrefu kwa mmisionari mzungu aliyekuwa akimchukia, amwambie kwamba alimchukia na anaomba radhi. Na wimbo wao mkuu, ule ambao Afrika Mashariki nzima huuimba kwa Kiganda, unasema damu ya Mwanakondoo imeniosha. Imeniosha, imekwisha kuniosha. Hauombi ioshe.

Basi nilipeleka suruali kwa yule mzee, nikajikuta namweleza yote. Alisimamisha cherehani akauliza, "Katika hizo toba zako zote, umewahi kumtajia Mungu jina la huyo mama?" Sikuwahi. Miaka yote nilisema nisamehe dhambi zangu zote, kwa jumla, kama mtu anayefunga mzigo kwenye turubai ili ofisa wa mpakani asione kilichomo. Mzee akanifanya niseme pale pale kibarazani: jina la mama, jina la binti, kiasi, na uongo wa kuvamiwa. Ulimi ulikuwa mzito kama jiwe. Zaburi ya 32 inamsema mtu aliyenyamaza mpaka mifupa ikachakaa. Siku hiyo niliielewa.

Nilipomaliza alivuta daftari lake la madeni, lile la wateja wanaochukua nguo kabla hawajamaliza kulipa, akaliweka juu ya Biblia iliyofunguliwa kwa Filemoni. Unaijua habari ile: Onesimo ametoroka kwa bwana wake, huenda na mali yake, na Paulo anamrudisha akiwa na barua mkononi. "Na kama amekudhulumu, au unamwia kitu, ukiandike hicho juu yangu." Mzee akasema Paulo aliweza kuandika vile kwa sababu Yesu alishaandika vile kwa ajili yake. Akanisomea Wakolosai 2 pia, pale penye hati ya mashtaka iliyogongomewa msalabani. Kisha akauliza: "Daftari lako wewe bado umelishika wa nini?"

Nilimjibu kwamba nikiliachia nitakuwa nimemdharau mama wa watu. Naamini hapo ndipo ulipo wewe sasa. Unahofia kwamba ukikubali kusamehewa utakuwa umemzika kaka yako mara ya pili. Ukilala usingizi mzuri unajiona msaliti.

Lakini angalia mpangilio wa mambo kwa Zakayo. Huyu alikuwa mkubwa wa watoza ushuru pale Yeriko, mji wa njia kuu, na sisi wa mpakani tunamwelewa vizuri. Yesu anamwambia ashuke mtini, leo nitashinda nyumbani mwako. Anamwambia hivyo kabla Zakayo hajarudisha hata senti. Maneno ya kulipa mara nne yanakuja baadaye, kinywani mwa mtu ambaye tayari amekwisha kupokea mgeni. Zakayo hakulipa ili Yesu aingie. Yesu alishapokewa, ndipo mkono ukalegea wenyewe. Mimi nilikuwa naanza nyuma: nalipa, nalipa, nikisubiri abishe hodi. Na kwa kuwa nilikuwa nalipa ili nipone mimi, nilikuwa namlipa mtu asiyenidai. Mhubiri alikula, kanisa likapata sadaka, na mtoto wa marehemu yuko Jinja akifua nguo za watu.

Wengine hapa wameandika kwamba ukishasamehewa yaishe, usifukue makaburi. Siwakubalii. Torati ilishalifikiria jambo lako. Hesabu 5 inasema aliyedhulumu aungame, arudishe kamili, aongeze sehemu ya tano. Na aliyedhulumiwa akiwa hayupo, jamaa yake ndiye apokee. Basi kifo cha kaka yako hakikulifuta deni hili, maana bado lina wa kulipokea. Adhabu ya dhambi yako mbele za Mungu imebebwa, hilo halirudi nyuma. Shilingi za watoto ziko mikononi mwako, na sasa unaweza kuzirudisha bila kutetemeka, kwa sababu huzitumii kununua mbingu.

Nilimtafuta binti. Alikuwa mtu mzima, ana watoto wawili, anauza mboga. Nilimweleza kwa maneno yale yale niliyosema kibarazani. Hakulia na hakunikumbatia. Alikaa kimya mpaka nikaona aibu ya kupumua, kisha akasema, "Kwa hiyo ningesoma." Akaniambia niondoke. Baada ya mwezi alinipigia, akasema mwanawe mkubwa anaanza sekondari. Namlipia tangu hapo: kwanza ile 260,000, kisha sehemu ya tano, na sasa nimevuka hesabu zote mbili kwa hiari yangu. Hajaniambia amenisamehe. Haniiti kaka kama zamani. Sina haki ya kumdai msamaha, na Mungu hakunipa neema yake niitumie kama fimbo ya kumlazimisha mtu niliyemuumiza. Naumia, ndiyo. Lakini nalala.

Jambo jingine, na hili nalisema kwa upole. Usimruhusu mtu akufariji kwa kusema kaka angekufa tu. Huenda, huenda sivyo. Hilo liko kwa Mungu, wala msamaha wako hauning'inii hapo. Yohana anaandika kwamba moyo wetu unapotuhukumu, Mungu ni mkuu kuliko moyo wetu, naye anajua yote. Anajua yote, na bado amekupokea.

Na ule mstari wako kwamba jioni nyingine unasimama darajani ukiangalia maji, sikuupita. Petro na Yuda walimkosea Bwana usiku mmoja. Yuda alijuta, akarudisha mpaka vipande thelathini vya fedha, lakini alikwenda kuungama kwa makuhani waliomjibu, yatuhusu nini sisi? Hakurudi kwa Yesu. Petro alilia akabaki karibu na wenzake, akakutwa hai pale ufukweni, moto wa makaa umewashwa na samaki juu yake. Leo usilale peke yako. Mwambie mchungaji unayemwamini, au rafiki mmoja, neno hilohilo la darajani, na akusindikize hospitali kubwa ya serikali ukaonane na daktari wa akili. Kumwona daktari si kukosa imani.

Tororo usiende peke yako, wala usiende na hotuba. Nenda na mzee mmoja wa familia ambaye shemeji anamheshimu. Umwambie kiasi ulichopewa, ulikokipeleka, na uongo uliosema. Usimwombe akuonee huruma, wala usimtajie kwamba umeokoka mpaka akuulize mwenyewe. Beba fungu la kwanza hata likiwa dogo, na tarehe ya fungu la pili. Akikufukuza, acha pesa kwa mzee huyo, urudi nyumbani. Mimi nipo humu kila usiku baada ya saa tatu, nikishafunga duka. Andika ukifika.