Je, ufalme wa Japani ulianza kweli mwaka 660 kabla ya Kristo?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa historia wa sekondari. Wanafunzi wameniletea video inayosema ufalme wa Japani ulianzishwa na Jimmu tarehe 11 Februari mwaka 660 KK, na kwamba Mfalme Naruhito ni wa 126 katika nasaba moja isiyokatika. Mwalimu mwenzangu anasema zote ni hadithi tupu, Japani haikuwa na mfalme mpaka ilipoiga China. Nani mkweli, na niandike mwaka gani ubaoni?

JIBU: Mwalimu, swali hili naletewa kila mara, na karibu kila mara chanzo chake ni video ya namna hiyo hiyo. Kinachonikera si Jimmu. Simulizi za ukoo wake ulioshuka kutoka kwa Amaterasu, mungu wa jua, ni urithi mkubwa wa Wajapani na zinastahili kusomwa kwa heshima. Kinachonikera ni mtu kuchukua tarehe iliyopigiwa hesabu na kuitangaza kana kwamba palikuwa na karani aliyeiandika siku ile. Mwaka 660 KK hapakuwa na maandishi Japani.

Tarehe hiyo inatoka katika Nihon Shoki, kitabu cha historia ya Japani kilichokamilishwa mwaka 720 BK. Waandishi wake walifuata kalenda ya Kichina, ambayo miaka yake huenda kwa mizunguko ya sitini, kila mwaka na jina lake. Mwaka uitwao shin'yu uliaminika kuleta mageuzi ya utawala. Sasa chukua mwaka 601, enzi za Malkia Suiko, ambao ulikuwa shin'yu. Rudi nyuma mizunguko 21, yaani miaka 1,260, na unaangukia 660 KK barabara. Hesabu hiyo aliieleza mwanahistoria Naka Michiyo katika karne ya 19, na ndiyo maelezo yanayokubalika zaidi hadi leo. Hata siku yenyewe ni ya juzi tu: serikali ya Mfalme Meiji iliadhimisha kwanza 29 Januari 1873, halafu ikahamishia sherehe 11 Februari.

Ukishaurudisha mwanzo nyuma kiasi hicho, lazima uijaze miaka. Ndiyo maana wafalme wa mwanzo wamepewa umri wa ajabu. Nihon Shoki inasema Jimmu aliishi miaka 127. Kojiki, kitabu cha mwaka 712, kinasema 137. Wafalme wanane wanaomfuata hawana habari karibu yoyote zaidi ya wazazi, wake, makao na kaburi. Anayetengeneza video haya hayasemi, kwa sababu hajavifungua vitabu anavyovitaja.

Mwenzako naye amekimbilia njia ya mkato. Kugundua kwamba 660 KK ni hesabu ya baadaye hakumpi mtu ruhusa ya kufuta kila kitu. Mwaka 1968, katika kaburi la kilima la Inariyama, mkoa wa Saitama, ulifukuliwa upanga ulioliwa na kutu. Miaka kumi baadaye, wakati wa kazi ya kuuhifadhi, ulipigwa picha za eksirei, na chini ya kutu zikaonekana herufi 115 zilizopambwa kwa dhahabu, upande wa mbele na wa nyuma. Mwenye upanga anataja babu zake vizazi kwa vizazi, kisha anasema alimsaidia kutawala mfalme mkuu Wakatakeru. Mwaka ulioandikwa humo wataalamu wengi wanausoma kuwa 471. Wakatakeru ndiye anayeitwa Yuryaku katika orodha rasmi, wa 21, na kwa kawaida hulinganishwa na Bu, mfalme wa Japani ambaye kumbukumbu za China zinasema alituma ujumbe huko mwaka 478. Hapo tuna maandishi ya wakati ule ule, kutoka sehemu mbili zisizotegemeana. Na mtawala huyo alikuwa tayari na mtumishi mwenye kaburi lake Saitama, mbali kabisa na kitovu cha utawala huko magharibi.

Kwa hiyo ubaoni andika karne ya 5, kwa watawala tunaoweza kuwashika kwa ushahidi. Kisha andika mwisho wa karne ya 7, kwani hapo ndipo cheo cha tenno, yaani jina la mfalme wa Japani linalotumika hadi leo, kilipoimarika, enzi za Mfalme Tenmu na Malkia Jito. Tenmu alishika madaraka kwa vita mwaka 672, akimshinda mwana wa kaka yake. Ndiye aliyeagiza kumbukumbu za koo zipitiwe na makosa yaondolewe, na kazi hiyo ndiyo iliyozaa Kojiki. Mshindi wa vita vya kifamilia alihitaji nasaba iliyonyooka. Soma vitabu hivyo ukilijua hilo.

Na hiyo 126? Orodha hiyo imerekebishwa na watu tunaowajua. Kijana aliyeshindwa mwaka 672 aliingizwa kama Mfalme Kobun mwaka 1870 tu. Malkia Jingu aliondolewa rasmi mwaka 1926, mwaka ule ule mfalme mwingine, Chokei, alipoongezwa. Kuhusu "kutokatika", msomeshe mwanafunzi habari za Mfalme Keitai, aliyetawazwa mwaka 507: Nihon Shoki yenyewe inasema aliletwa kutoka jimbo la Echizen baada ya mtangulizi wake kufa bila mrithi, akihesabiwa kizazi cha tano kutoka kwa Ojin, mfalme wa zamani, na kwamba alikaa karibu miaka ishirini kabla ya kuingia Yamato, kitovu cha utawala. Ni ukoo ule ule au ukoo mpya? Wataalamu wanabishana, na mwanafunzi ana haki ya kuuona ubishi huo.

Wapo wanaoniambia, "Tarehe tu, ina madhara gani?" Mwaka 1940 serikali ya Japani iliadhimisha miaka 2,600 ya Jimmu kwa sherehe kubwa, huku majeshi yake yakiwa vitani China. Mwaka huo huo vitabu vya Tsuda Sokichi, mwanahistoria aliyeonyesha kwamba simulizi za wafalme wa mwanzo zilitungwa na watu wa baraza la kifalme, vilipigwa marufuku. Mwaka 1942 mahakama ikamhukumu yeye na mchapishaji wake, Iwanami Shigeo. Mtu alishtakiwa kwa kusoma maandiko ya kale kwa makini! Hilo silisahau ninapomwona kijana mwenye kamera akiitamka tarehe ile bila kutaja kitabu wala mwaka kilipoandikwa, kisha akaongeza kwamba wanahistoria "wanaficha ukweli". Hakuna kilichofichwa. Upanga wa Inariyama umehifadhiwa Saitama, karibu na ulipofukuliwa, na herufi zake zinasomeka.