Ukali wa Uga wa Umeme

SWALI: Ndugu Mhariri, kitabu chetu hupima ukali wa uga wa umeme kwa niutoni kwa kulombu, ilhali mwalimu hutumia volti kwa mita. Yupi yuko sahihi?

JIBU: Wote wawili, kwani vipimo hivyo ni sawa. Uga wa umeme ni eneo ambamo chaji husukumwa au kuvutwa, na ukali wake ni kani inayoipata kila kulombu 1 ya chaji. Hivyo chaji ya kulombu 0.002 ikisukumwa kwa niutoni 6, ukali ni niutoni 3,000 kwa kulombu. Kati ya mabamba mawili sambamba yenye tofauti ya volti 60, yaliyoachana mita 0.02, utapata volti 3,000 kwa mita. Wengi hukosea wakidhani kwamba chaji ya majaribio, yaani ile iliyowekwa ili kuupima uga, ikiondolewa, uga nao hutoweka. Uga hubaki, maana chanzo chake ni chaji nyingine.