Maswali ya Wasomaji: Mashine ya Presha, Anza na Maji

Masika yakipita, kuta za Malindi huota ukungu wa kijani, na barua za wanaotaka kuanza kazi ya kuosha kwa mashine ya presha huongezeka. Hizi hapa nne, na majibu ya mafundi wetu.

Nimeonyeshwa mashine mbili dukani: ya umeme ya bar 130, na ya petroli ya bar 200. Nataka kuosha kabro za hoteli na kuta za nyumba za kupangisha. Nichukue ipi? – Kijana wa Muyeye, Malindi

Kijana wetu, muuzaji amekutajia bar, yaani kipimo cha presha, kwa sababu ndiyo namba kubwa kwenye kibandiko. Muulize na lita kwa dakika. Presha hung'oa uchafu, lakini maji ndiyo yanayouondoa. Mashine ndogo ya umeme hutoa lita 6 hivi kwa dakika. Ya petroli yenye injini ya nguvu farasi 6.5 hutoa 9 au 10. Kwa uwanja wa hoteli chukua ya petroli. Huko soketi huwa mbali, na waya mrefu mwembamba hupunguza umeme njiani: mota inavuma tu, haiwaki vizuri, mwisho inaungua. Ukilazimika kutumia ya umeme, waya uwe wa milimita mraba 2.5, na uukunjue wote. Ukiuacha umezungushwa kwenye gurudumu lake, unapata moto wenyewe kwa wenyewe.

Sasa maji. Pampu ya lita 10 kwa dakika humaliza tangi la lita 1,000 kwa saa moja na dakika 40. Kabla ya kukubali kazi, nenda na ndoo ya lita 20 na saa ya simu, ufungue bomba la mteja. Ndoo ikijaa kwa sekunde 100 au pungufu, bomba linatosha. Ikichukua dakika mbili, uko ukingoni. Dakika tatu, usiunganishe mashine moja kwa moja. Pampu isiyoshiba huvuta hewa, mpira unarukaruka mkononi, na vali za ndani zinalika. Hapo beba tangi lako, liwe juu kuliko mashine, na mpira wa kuingiza maji uwe mfupi, wa robo tatu inchi, wenye chujio.

Kisha yaonje. Visima vingi karibu na ufuo ni vya maji ya chumvi, na chumvi hula pampu kimyakimya, huacha madoa meupe kwenye vioo vya mteja na kuunguza maua yake. Ukikosa budi ukayatumia, maliza kazi kwa kupitisha maji yasiyo na chumvi ndani ya mashine dakika tatu. Maji ya bahari usiyajaribu kabisa. Ndiyo maana tungependa ununue tangi kabla ya mashine ya bei kubwa.

Mashine ina miezi minne. Presha inapanda na kushuka, na oili ya pampu imekuwa nyeupe kama chai ya maziwa. Ni ugonjwa gani? – Msomaji, Watamu

Ni magonjwa mawili, bwana, usiyachanganye. Presha inayopanda na kushuka ianzie penye gharama ndogo: zibua tundu la ncha inayotolea maji kwa waya mwembamba, safisha chujio, kaza kibano cha mpira wa kuingiza maji, maana hewa hupenya hapo bila hata tone kuvuja. Hayo yote yakiwa sawa, ndipo ufungue vali za pampu.

Oili nyeupe ni maji yaliyopita kwenye sili, ile mipira inayozuia maji kuvuja ndani ya pampu. Mara nyingi chanzo ni hiki: umeachia kifyatuo, umekwenda kuzungumza na mteja au kupokea simu, mashine inaendelea kunguruma. Maji yaleyale yanazunguka ndani ya pampu, yanachemka, sili zinalainika. Ukisimama zaidi ya dakika mbili, zima. Sasa badilisha sili na oili kwa pamoja; ukibadilisha oili peke yake, wiki ijayo itakuwa maziwa tena.

Kwa wenye mashine mpya: nyingine huuzwa bila oili kwenye injini, na wapo waliozivuta zikaungua siku ya kwanza. Injini ya 6.5 hubeba kama lita 0.6. Oili hiyo imwage baada ya saa 20 za mwanzo, kisha kila saa 100. Ya pampu, mara ya kwanza baada ya saa 50.

Nimeosha kabro za hoteli moja, zikatoka safi, lakini mchanga wa katikati umeondoka na mawe yanacheza. Mwenyewe hataki kulipa. – Msomaji, Malindi

Mwenye hoteli ana haki yake hapo. Tunakisia ulitumia ncha nyekundu au ya njano. Nyekundu hutoa mshale mmoja wa maji, na kwa kuosha haina kazi. Itoe kwenye mkoba kabisa. Kabro huoshwa kwa ncha ya kijani, ya nyuzi 25, umbali wa sentimita 30 hivi, maji yakipita kwa mlalo juu ya jiwe, si kuchimba kwenye mshono.

Kutengeneza: acha sakafu ikauke siku nzima, mwaga mchanga laini mkavu, ufagie kukatisha mishono mpaka ijae. Siku nyingine weka gharama ya mchanga huo ndani ya bei toka mwanzo, na umwambie mteja kabla hujawasha.

Na ukungu wa kijani hauhitaji nguvu. Changanya jiki sehemu moja na maji sehemu tatu, piga kwa pampu ya mgongoni asubuhi kabla jua halijakaza, ngoja dakika 10 hadi 15, kisha suuza kwa ncha nyeupe. Bogenvilia na nyasi zimwagie maji kabla na baada. Jiki isikutane na dawa ya choo yenye asidi hata kidogo, hutoa hewa ya sumu. Glavu, miwani na viatu vya mpira si mapambo: maji ya presha hupenya ngozi, tundu likaonekana dogo kama la sindano huku ndani kumeharibika. Likitokea, nenda hospitali saa ileile, hata kama hakuumi.

Nyumba yetu Mkomani, Lamu, ina weusi ukutani. Kuna kijana ana mashine. Tumwite? – Dada wa Lamu

Hapana, dada. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa ni laini. Mashine inakwangua chokaa, maji yanaingia ndani, na miezi baadaye chumvi inatoka ikibandua hata plasta iliyobaki. Mji wa Kale uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na kuta hizo ni sehemu ya sababu. Tumia brashi laini na ndoo ya maji, ukuta ukauke, kisha upakwe chokaa tena. Mtu akikushauri saruji, mkatae pia.

Kijana huyo asikose riziki: boti za faiba zinaoshwa vizuri kwa mashine, mara tu zinapopandishwa, viumbe vya baharini vilivyong'ang'ania vikiwa bado vibichi. Mashua za mbao asiziguse kwa presha. Mshale wa maji ukipita kwenye mshono wa mbao, unatoa kalafati yote, ile pamba inayoziba mshono.