Jibu: Mataruma ya mashua yameoza, naweza kubadilisha mwenyewe?

Ndugu, umeuliza kama unaweza kubadilisha mataruma (mbavu za mti zinazoshikilia mbao) ya mashua ya marehemu babu yako bila fundi. Unaweza, ila nakuomba sana usiyang'oe yote kwa pamoja! Mashua itapoteza umbo, na kulirudisha ni kazi hata kwa fundi hodari. Iegemeze vizuri pande zote, toa taruma moja, weka jipya, ndipo uende la pili. Chomachoma kwa ncha ya kisu kuzunguka misumari; pale kutu ilipoula mti, kisu huzama kama kwenye muhogo uliochemshwa. Tafuta mti uliopinda wenyewe, maana taruma lililochongwa kutoka ubao ulionyooka hupasuka penye kona. Kalafati, yaani kuziba nafasi kati ya mbao kwa pamba, iwe mwisho kabisa: ukigongelea pamba sasa, kabla mataruma mapya hayajazishika, mbao zitaachia.