Aliyeulizwa Siye Anayejibu

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza kwa nini wanaoamini na wasioamini hawachoki kubishana juu ya dini na madhara yake. Mimi ni muuguzi, Mkatoliki, na nina kaka asiyeamini, kwa hiyo mabishano haya nayasikia kazini na nayasikia nyumbani. Jibu langu nitalianzia Shakahola, maana tangu Aprili 2023 hakuna mjadala wa dini hapa Pwani usiofika kule.

Kwa msomaji wa mbali: katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, pwani ya Kenya, polisi walifukua makaburi ya wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie wa kanisa la Good News International lililokuwa Malindi. Miili ilipita 400. Uchunguzi wa maiti ulionyesha wengi walikufa kwa njaa, na wengine, watoto wakiwemo, walikuwa na dalili za kunyongwa au kupigwa. Upande wa mashtaka unasema waliambiwa wafunge mpaka wafe ili wakutane na Yesu. Yeye na wenzake walikana mashtaka.

Habari zile zilipoanza kutoka, muumini alisema, "Ile haikuwa dini, ni shetani tu." Asiyeamini akasema, "Hiyo ndiyo dini yenyewe ikiachwa ifike mwisho wake." Kauli zote mbili zinamwondolea msemaji kazi ya kuuliza mambo yalifikaje pale. Kama haikuwa dini, basi sisi tunaosali Jumapili hayatuhusu. Kama dini zote ni hiyo, basi hakuna haja ya kujua nani alifundisha nini, lini, na nani alimwacha aendelee.

Na njia iliyowafikisha pale inajulikana. Ilianza na shule. Mackenzie alihubiri kwamba elimu ya darasani ni ya kidunia, watoto wakatolewa masomoni, naye akakamatwa mwaka 2017 kwa mambo hayo. Kisha akahubiri dhidi ya hospitali na dawa. Mwaka 2019 kanisa la Malindi likafungwa, wafuasi wakamfuata msituni, mahali ambapo mtoto akilia hakuna jirani wa kuuliza. Kamati ya Seneti iliyoongozwa na Danson Mungatana ilivilaumu vyombo vya serikali kwa uzembe, kwani malalamiko yalikuwepo mapema. Mwalimu, daktari, jirani: kila aliyeweza kumzuia aliondolewa kwanza, na njaa ikaja mwisho.

Hapo ndipo "haikuwa dini" inaponikwama kooni. Kumwondoa daktari hakufanywi na wahubiri wa msituni peke yao. Mwaka 2014 maaskofu wa kanisa langu walipinga hadharani kampeni ya chanjo ya pepopunda kwa wanawake, wakisema imetiwa homoni ya kuharibu uzazi. Serikali na Shirika la Afya Duniani walikanusha. Mimi nilikuwa kliniki. Kina mama walikuja na kadi zao mkononi, wakaniuliza kwa sauti ya chini, "Sista, hii ndiyo ile ya maaskofu?" Baadhi yao walirudi nyumbani bila kuchanjwa. Pepopunda ya mtoto mchanga huingia kwenye kitovu kilichokatwa kwa kifaa kichafu, na mtoto hukakamaa mwili hata kunyonya hawezi. Aliyewahi kumshika mtoto wa namna hiyo hatakubali kuambiwa kuwa madhara ya dini ni ya wachungaji wa uongo tu. Halafu kanisa hilo hilo ndilo lenye zahanati na hospitali katika sehemu nyingi za nchi ambako serikali ilichelewa kufika. Nayaweka yote mawili hapa kwa sababu yote ni kweli, na la pili halifuti la kwanza.

Sasa nije nyumbani, maana ndiko nilikoelewa kwa nini mabishano hayaishi.

Shangazi yetu wa Voi alikuwa na ugonjwa wa sukari wa miaka mingi, akitumia insulini. Akahamia kanisa moja dogo, mchungaji akamwombea, akatangazwa mbele ya watu kwamba amepona, akasimama akatoa ushuhuda. Sindano zikaachwa. Nilipoitwa nilimkuta anahema kwa nguvu, pumzi yake inanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Nilipompima, mashine haikutoa namba. Iliandika HI, yaani sukari imepita kiwango inachoweza kusoma. Alifia hospitali usiku ule.

Kwenye matanga mchungaji alikuja na wenzake, wakakaa mbele. Kaka yangu akaomba kipaza sauti akasimulia habari ya sindano, moja kwa moja, bila tusi. Wazee wakamkalisha. Mimi nilikuwa nyuma jikoni na kina mama wa kanisa lile, wale waliokuwa wakija kila Jumatano kumwogesha shangazi na kumfulia, waliochanga bili ya hospitali, na ambao saa ile walikuwa wakisonga sima ya wageni. Mmoja aliweka mwiko chini, machozi yakamtoka, akaniuliza, "Kwa hiyo sisi ndio tuliomuua?"

Kaka hakuwataja wale kina mama kabisa. Alimtaja mtu mmoja na neno moja alilolisema. Lakini jioni ile nzima watu walikuwa wakiwabembeleza kina mama, wakimkaripia kaka kwa kuwavunja moyo watu wema namna ile, na mchungaji akala, akasali sala ya kufunga, akaondoka bila kuulizwa kitu.

Hilo ndilo jibu langu kwa swali lenu, Mhariri. Tunabishana bila kufika popote kwa sababu anayeulizwa siye anayejibu. Swali humlenga mwenye madaraka, yule aliyesema dawa iachwe, naye hunyamaza. Anayejibu ni muumini wa kawaida, aliyepata ndani ya dini watu wa kumzika mama yake na wa kumlea alipofukuzwa kazi. Anajitetea yeye na wenzake, kwa haki kabisa, na utetezi wake unakuwa ngao ya mtu asiyestahili ngao.

Na wasioamini husaidia kuijenga ngao hiyo kila wanaposema "dini" mahali pa kumtaja mtu na fundisho lake. Kaka alisema vizuri matangani, lakini nyumbani siku nyingine husema kwa jumla tu kwamba dini inaua. Mama humtajia Albania, ambako mwaka 1967 utawala wa Enver Hoxha ulifunga misikiti na makanisa yote na kuwatesa mapadri na mashehe. Kaka hujibu, "Wale walikuwa wanasiasa, hilo halihusiani na kutoamini." Ni utetezi ule ule wa "haikuwa dini", ila sasa unatoka upande wa pili. Ndugu yangu huyu nampenda, na nimemwambia hivyo usoni.

Pia namkumbusha basi la Mandera. Desemba 21, 2015, karibu na El Wak, al-Shabaab walilisimamisha basi wakawaamuru abiria wajitenge, Waislamu huku na wengine kule. Mwaka mmoja nyuma, Novemba 2014, katika kaunti ile ile, walikuwa wamewaua watu 28 baada ya kuwatenga namna hiyo. Safari hii Waislamu walikataa kujitenga, na wanawake wakawapa wenzao Wakristo vitambaa wajifunike. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi kwa kukataa, akafariki Januari 2016. Wenye bunduki walitaja dini, na mwalimu Salah, Mwislamu, alikataa kuwaacha Wakristo. Anayetaka kuongea juu ya madhara ya dini katika nchi hii lazima aweze kulieleza basi hilo lote, pamoja na waliobeba silaha na waliokuwa kwenye viti. Mimi mwenyewe siwezi kulieleza kwa neno "dini" peke yake.

Kuna jambo jingine ambalo waumini wenzangu hawalioni, nalo ndilo linalofanya wasioamini waongee kwa ukali. Kwetu hapa dini si maoni tu. Ndiyo inayoamua utamwoa nani, nani atasimamia mazishi yako, na kama utapewa nafasi ya kusema ukweni. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 750,000 Kenya waliosema hawana dini. Wako wapi? Wamekaa kimya kwenye harusi na matanga, wameinamisha vichwa na sisi tunapoomba. Chama chao, Atheists in Kenya Society, kilisajiliwa Februari 2016 na kabla mwaka haujaisha usajili ukasimamishwa, ikabidi waende mahakamani, ingawa Kifungu cha 32 cha Katiba kinalinda dhamiri ya kila mtu. Mtu aliyenyamaza miaka ishirini, siku akipewa kipaza sauti, hawezi kusema kwa kipimo. Kaka alianza kuniambia mimi kwanza, gizani barazani, kama mtu anayeungama. Alichoogopa si moto wa jehanamu, bali ni kwamba hakuna atakayemchimbia kaburi.

Kwa hiyo nawaomba waumini wenzangu waache kujibu swali wasiloulizwa. Asiyeamini akiuliza nani alimzuia mgonjwa dawa, jibu la "Mungu yupo" halimo humo. Tumtafute aliyesema dawa iachwe, tumuulize sisi wenyewe, kwa sababu sisi ndio tunaojua mlango wake na ndio tunaotoa sadaka zinazomlisha.

Baada ya Shakahola, Rais aliunda jopokazi chini ya Mchungaji Mutava Musyimi kutafuta namna ya kusimamia mashirika ya dini, na viongozi wengi wa makanisa wakaingiwa na hofu kwamba serikali inataka kupanda madhabahuni. Hofu hiyo naielewa, na sitaki afisa wa serikali anichagulie mahubiri. Lakini mimi nikimwambia mgonjwa aache insulini akafa, nitaitwa mbele ya Baraza la Wauguzi na naweza kupoteza leseni yangu, na ndivyo inavyopasa. Mtu anayesimama mbele ya umati na kutangaza kwamba mgonjwa amepona, awajibike vivyo hivyo, awe wa kanisa la mabati au wa kanisa kuu, wa msikiti au wa mganga. Hapo mama yangu, kaka yangu na mimi hatubishani. Mchungaji wa Voi bado anahubiri, na mwezi uliopita kina mama wawili wa kliniki yangu wameniambia wanakwenda kwake kuombewa sukari.

Msomaji, Mombasa