Usukani Ukitikisika, Usikimbilie Dampa

Nilipofunga dampa mpya ya stelingi, yaani kile kifyonza mishtuko kinachotuliza usukani, gari lilitulia kwa miezi miwili nikajiona fundi. Mwezi wa tatu, nikiwa kwenye mwendo wa kilomita 70 kwa saa, gurudumu la kushoto lilipita juu ya kiungo cha daraja, na usukani ukaanza kujipiga kushoto na kulia kwa nguvu iliyoshinda mikono yangu. Dashibodi yote ikawa inagonga. Haikukoma mpaka mwendo uliposhuka chini ya 40.

Yakikukuta hayo, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani imara bila kupigana nao, kanyaga breki taratibu, kaa kwenye mstari wako mpaka gari litulie. Vidole gumba viwe nje ya mikono ya usukani, kwa sababu ukirudi kwa nguvu unaweza kukuvunja.

Gari langu ni la zamani, lenye ekseli ngumu mbele na springi za koili, muundo uleule wa Land Cruiser za 80 Series, Nissan Patrol na Land Rover Defender za zamani. Kwenye muundo huu magurudumu mawili ya mbele yameunganishwa na chuma kimoja, kwa hiyo gurudumu moja likiruka, la pili linapata habari palepale. Ugonjwa wenyewe ni wa kale. Miaka ya 1920, tairi pana za upepo mdogo zilipoenea, madereva wa magari ya kawaida walianza kulalamika kuhusu mtikisiko huuhuu, na ni moja ya sababu zilizowafanya General Motors walete magurudumu ya mbele yanayojitegemea kwenye magari yao ya 1934. Sisi tunaopenda ekseli ngumu tumebaki nao.

Kabla hujafungua hata nati moja, jiulize mtikisiko unakuja lini. Ukianza kwenye 80 na kupotea kwenye 100, mwembamba kama mnyororo unaopita mkononi, hiyo ni balansi ya tairi. Na kwa gari la porini, kabla ya kwenda kubalansi chungulia ndani ya rimu. Mimi nimewahi kubalansisha mara mbili ndani ya wiki moja, kumbe bonge la tope lilikuwa limekauka upande wa ndani na kila likimeguka kidogo hesabu inaharibika. Ukija wakati wa breki tu, angalia diski. Ukiusikia kwenye kiti kuliko mkononi, anza na magurudumu ya nyuma na propela, ile shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli. Ukiwepo asubuhi na kuisha baada ya kilomita chache, gari limesimama muda mrefu na tairi zimejibonyeza. Lakini ule unaoamshwa na shimo au tuta, ukaendelea wenyewe hata barabara ikiwa nzuri mpaka upunguze mwendo, huo maana yake kuna kitu kinacheza kwenye stelingi au kwenye vishikizo vya ekseli.

Dampa haiponyi kitu kinachocheza. Kazi yake ni kumeza mishtuko midogo. Ukiweka mpya yenye nguvu juu ya kiungo kilicholegea, ni funika kombe mwanaharamu apite, na kiungo kinaendelea kulika kimyakimya. Siku dampa ikizidiwa, kinachokuja ni kibaya kuliko cha mwanzo. Siku hizi nikitaka kujua hali halisi ya stelingi, naifungua dampa upande mmoja na kuifunga pembeni kabla ya kupima, gari likiwa limesimama.

Vya haraka kwanza: nati za magurudumu, upepo wa tairi (hasa kama uliupunguza kwa ajili ya mchanga ukasahau kuurudisha), uvimbe au mawimbi kwenye uso wa tairi. Kisha hamisha tairi za mbele ziende nyuma. Mtikisiko ukihamia nyuma au ukibadilika tabia, umeshapata pa kuanzia. Wangu haukubadilika.

Kipimo kilichoniokoa kinahitaji mtu mmoja wa kukusaidia. Gari lisimame chini kwa magurudumu yote manne, handbreki juu, vizuizi kwenye magurudumu, gia huru, injini inawaka ili stelingi iwe nyepesi. Msaidizi azungushe usukani kushoto na kulia kidogo tu, mfululizo, bila kugusa kingine. Wewe lala pembeni na tochi uangalie kiungo kimoja kimoja, vidole mbali. Watu wengi hupandisha gari kwenye jeki kwanza, na hapo ndipo wanapokosea: viungo vikiwa havina uzito hujificha. Chini, uzito wa gari unavilazimisha viseme ukweli.

Anza na panadi rodi, yaani fimbo ndefu inayotoka kwenye chesisi upande mmoja kwenda kwenye ekseli upande wa pili ili ekseli isiende kushoto na kulia. Kwa maoni yangu ndiyo mshukiwa wa kwanza, na mafundi wengi huiruka kwa sababu macho yao yako kwenye tai rodi, fimbo inayounganisha magurudumu mawili ya mbele yageuke pamoja. Bushi zangu, yaani mipira ya kwenye ncha za fimbo hiyo, zilikuwa nzuri, hazina ufa. Nilikuwa naelekea kwenye kiungo kinachofuata nilipoona kichwa cha bolti upande wa ekseli kinasogea pamoja na usukani, kwa kiasi cha unene wa unywele. Nilipoitoa nikakuta bolti nyembamba kuliko tundu kwa milimita 2, na tundu lenyewe limekuwa kama yai. Mtu fulani kabla yangu alipoteza bolti ya asili akaweka aliyokuwa nayo. Kila tuta lilikuwa linairuhusu ekseli kuteleza kidogo, usukani unavutwa, magurudumu yanajibu, mzunguko unaanza.

Kukaza zaidi kusingesaidia. Nilichomelewa bamba la chuma lenye tundu la saizi sahihi, nikaweka bolti ya daraja linalotakiwa, na kuikaza kwa spana ya torki gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Hili la mwisho ni muhimu kwa bushi za mpira: ukikaza ekseli ikiwa inaning'inia hewani, mpira unashikwa ukiwa umejipinda, na gari likishuka unabaki umesokotwa hadi unachanika kabla ya wakati.

Ukitoka hapo pita kwenye tai rodi endi zote (viungo vya ncha za tai rodi), dragi linki (fimbo inayotoka stelingi boksi kwenda kugeuza magurudumu), na bolti zinazoshika stelingi boksi kwenye chesisi. Sasa ndiyo upandishe jeki, ukiweka stendi chini yake. Shika gurudumu juu na chini ulitikise. Likicheza, mwambie msaidizi akanyage breki. Mchezo ukiisha, ni beringi ya gurudumu. Ukibaki, ni beringi za kingipini, yaani pini ambazo gurudumu hugeukia, au boli jointi kwa magari yenye boli jointi. Kipimo hiki hakidanganyi sana, na kinakuepusha kununua beringi ambazo hazina kosa. Kingipini zinapaswa kuwa na ugumu fulani wakati wa kugeuka. Mwongozo wa gari lako utakupa kipimo chake, na hupimwa kwa mizani ya springi ukiivuta kwenye mkono wa stelingi, tai rodi ikiwa imefunguliwa. Zangu zilikuwa nyepesi mno. Nilipunguza shimu, vile vipande vyembamba vya chuma vinavyopanga mkazo wa beringi hizo, na usukani ukawa na uzito ambao sikuwahi kuujua tangu ninunue gari.

Kama gari limeinuliwa, fikiria pia pembe ya kasta, yaani kiasi ambacho mhimili wa kugeukia gurudumu umelala nyuma. Uma wa mbele wa baiskeli umelala nyuma kidogo, ndiyo maana unaweza kuachia mikono ukaenda mbele. Ukiinua gari kwa springi ndefu bila kurekebisha mikono ya ekseli, pembe hiyo inapungua, na gari linapoteza hamu ya kurudi katikati baada ya kona. Hata hivyo linayumbayumba zaidi kuliko kutikisika, kwa hiyo usinunue bushi za kurekebisha kasta kabla viungo vyote havijakazwa. Alaimenti, yaani kupima na kunyoosha pembe za magurudumu, nayo iwe ya mwisho. Kupima gari lenye kiungo kinachocheza ni kupima upepo.

Dampa niliirudisha mwisho kabisa, baada ya kuendesha siku kadhaa, kwa mwendo mdogo, bila hiyo. Baada ya kilomita 500 nilikaza upya kila bolti niliyoigusa, na mbili zilikubali kuzunguka kidogo. Nikachora mstari wa rangi nyeupe kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma. Kila nikiosha gari nainama na tochi: mstari ukiwa umenyooka, naendelea na sabuni.